Kufungua nyumba ya watu wenye ulemavu wa akili Lubumbashi: makaratasi, hatua kwa hatua

Nimesindikiza kikundi cha wazazi wa Katuba, komini moja ya Lubumbashi hapa Kongo, waliotaka kugeuza parseli (kiwanja) moja kuwa nyumba ambamo vijana wao wenye ulemavu wa akili watalala, watakula na kujifunza kazi za mikono. Tangu hapo watu wa komini za Ruashi na Kampemba wananiuliza maswali yaleyale, basi nayajibu hapa mara moja. Habari ya wagonjwa wa akili wanaohitaji daktari na matibabu ya kila siku haimo humu. Hiyo ni njia ya idara ya afya, na ukichanganya mambo hayo mawili katika barua ya kwanza, dosye (faili) yako itazungushwa kutoka biro hadi biro.

Hatua ya 1: Amueni nani atalala humo

Kabla ya notere (mthibitishaji wa hati), kabla ya kupaka ukuta rangi. Watoto, au watu wazima? Wakiwa chini ya miaka 18, mnaingia katika sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Mtoto hapokelewi getini kwa sababu shangazi kachoka. Lazima apite kwa mfanyakazi wa jamii, na hakimu wa watoto ajue. Mtu mzima naye ana shida yake: ulemavu peke yake haumwondolei haki zake mbele ya sheria. Kaka yake hawezi kumtilia sahihi kwa kuwa tu ni kaka. Ni mahakama inayoweka msimamizi. Wengi wanapenda kuchanganya umri wote, "tusifukuze mtu". Mimi ninawaambia waanze na kundi moja.

Hatua ya 2: Wanachama na katiba ya shirika

Nyumba itakuwa chini ya shirika lisilo la faida, na sheria ya mashirika hayo, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inataka wanachama kamili wasiopungua 7. Tafuteni 9 au 10, maana mmoja atahamia Kolwezi na mwingine atakasirika. Katiba ikiwa tayari, notere mnamjua, nendeni.

Hatua ya 3: Ruhusa ya shirika si ruhusa ya nyumba

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shirika lisilo la faida, ASBL, linapewa utu wa kisheria, yaani kutambuliwa na sheria, na Waziri wa Sheria. Lakini yeye hatoi kabla ya kuona maoni mazuri ya wizara inayohusika na kazi yenu, ile karatasi inayoitwa avis favorable. Kwa nyumba kama hii, wizara hiyo ni Mambo ya Jamii, na mlango wake hapa mjini ni Divisheni ya mkoa, DIVAS. Maoni hayo mazuri yenyewe yanahesabiwa kama ruhusa ya muda ya shirika kufanya kazi. Gavana naye anaweza kutoa ruhusa ya muda ya miezi 6. Miezi hiyo ikipita bila jibu, sheria inasema utu wa kisheria unahesabiwa umetolewa, na waziri anatakiwa kutoa arete (amri ya maandishi) yake ndani ya mwezi unaofuata.

Watu wakishika karatasi ya gavana wanapiga vigelegele, wanaleta vitanda. Haraka hiyo! Karatasi ile inasema shirika lenu lipo. Haisemi kwamba parseli namba fulani, kartye (mtaa) fulani, inafaa kulaza watu. Ruhusa ya nyumba inaombwa peke yake, kwa jina la nyumba na anwani yake, baada ya wakaguzi kuiona. Barua mbili, dosye mbili, na mimi naziweka katika kava za rangi mbili ili mtu wa mapokezi asizichanganye.

Sasa angalieni kipengele cha malengo katika katiba. Kuna tabia ya kuandika kila kitu: kulea walemavu, kusaidia wajane, kufuga kuku, kufungua dispansari na shule. Kila neno mnaloongeza linaita wizara nyingine. Andikeni "dispansari" mtaulizwa habari za Afya. Andikeni "shule" mtaulizwa habari za Elimu. Mkiwa na chumba cha kufundishia kushona, kiiteni mafunzo ya kazi za mikono, basi. Kuku mtafuga tu, hakuna atakayewauliza.

Halafu majina. Jina, postnom (jina la pili), prenom (jina la kwanza, kama Jean-Pierre): yafuate kadi ya mpiga kura herufi kwa herufi, katika katiba, katika orodha ya wanachama na katika cheti cha mwenendo mwema cha kila kiongozi. Ilunga mwenye prenom Jean-Pierre hapa na J.P. kule ni watu wawili kwa karani. Hakikisheni pia jina la wizara mnayoiandikia ni la serikali iliyopo, kwa sababu majina yanabadilika. Mwaka 2019 serikali iliweka waziri mjumbe wa watu wenye ulemavu. Barua kuu ipelekeni Mambo ya Jamii, na kopi kwa waziri mjumbe huyo.

Kila mnachoweka mezani kiwe na kopi inayorudi kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila tarehe, ile miezi 6 mtaihesabu kuanzia wapi? Kuna biro moja iliyotuambia barua haikufika kamwe, mpaka tulipotoa kopi yenye muhuri wao wenyewe.

Na tafadhali, msipitie kwa wale komisionere (madalali) wanaosimama nje na begi. Anayebeba dosye awe mzazi mwenyewe. Akiulizwa "huyu kijana anakula nini asubuhi?" anajibu.

Hatua ya 4: Malipo

Hakuna franga mkononi. Ombeni note de perception (karatasi ya kudai malipo), lipeni benki, tunzeni bordero (risiti ya benki). Idara ya mapato ya serikali kuu ni DGRAD, ya mkoa wa Haut-Katanga ni DRHKAT. Anayekuomba pesa bila karatasi ya moja kati ya hizo, mwambie utarudi kesho na mwenyekiti.

Hatua ya 5: Nyumba yenyewe

Wakaguzi wataangalia vyumba vya wanawake na wanaume, vyoo, maji. Maji ya REGIDESO yakikatika muwe na tangi au kisima chenye mfuniko unaofungwa. Mimi ninaanza na mbabula (jiko la makaa). Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia, na anayeanguka karibu na makaa ya moto anaungua vibaya. Jiko liwe nje, lizungushiwe uzio, na mtu mzima asimame hapo bukari (ugali) ikisongwa. Umeme wa SNEL ukikatika tumieni taa za sola, si mishumaa. Vitanda viwe vya chini. Dawa za kifafa zifungiwe kabatini na zisiishe ghafla, kwani kuziacha kwa ghafla kunaleta degedege kali. Kubalianeni mapema na kituo cha afya cha zone (eneo la afya) yenu.

Rejista iwe kitabu kigumu chenye kurasa zilizotiwa namba, kalamu ya bluu. Nani ameingia, nani ametoka, nani amekuja kumtembelea, nani ameumia. Tableti nimeziona, kurasa zake hazina namba na chaji inaisha.

Kanuni za nyumba zisiandike kwamba wakazi wanafungiwa vyumbani usiku au hawatoki bila barua ya familia. Kongo iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na ibara yake ya 19 inampa mtu haki ya kuchagua anapoishi na anaishi na nani. Kuna pia sheria yetu wenyewe, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Kwa sababu hiyohiyo ninawasukuma watu kwenye nyumba ndogo ya familia badala ya bweni la vitanda 40. Na nyumba ndogo mkaguzi anaimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 6: Baada ya kufungua

Andikeni tarehe ya kuisha kwa ruhusa ya muda kwenye ukurasa wa kwanza wa rejista, na muanze kufuatilia arete mwezi wa nne tangu ruhusa itolewe, si wa sita. Mkihamia parseli nyingine, ombeni ruhusa ya nyumba upya. Ile ya shirika inaendelea.