Siku mbili za mwisho Istanbul na watoto, zipange hivi

Jamani nyie mnaoenda Uturuki na familia, siku za mwisho ndo zinaharibika kirahisi kuliko zote, maana mnashtuka mmebakiza siku mbili alafu kuna msikiti hamjaingia, kuna kasri hamjaona, basi mnaanza kuwakimbiza watoto juani mpaka wanakataa hata kula. Vivutio vikubwa vimalizeni mwanzoni, hizi mbili waachieni soko na bahari.

Kabla ya yote angalieni zinaangukia siku gani. Kapalıçarşı, lile soko kubwa la kuezekwa, Jumapili halifunguliwi. Topkapı, lile kasri la masultani, inafungwa Jumanne, na kule ndo kuna masalia ya Mtume (S.A.W), kwahiyo kama mmeongozana na bibi akakuta geti limefungwa na kesho ni safari itamuuma sana. Blue Mosque kuingia ni bure ila wakati wa swala watalii hawaruhusiwi, Ijumaa mchana usijisumbue kabisa labda uwe unaenda kuswali.

Siku ya kabla ya mwisho fanyeni manunuzi asubuhi, watoto wakiwa na nguvu. Andika kabisa orodha ya zawadi, shangazi, majirani, mwalimu wa madrasa, ukiingia bila orodha utabeba soko zima alafu wa muhimu umemsahau. Mimi napenda Soko la Viungo pale Eminönü, lokum, zile peremende laini za Kituruki, wanakupimia kwa kilo na unaonjeshwa kwanza, ila ulizia bei duka la pili na la tatu, na ukiweza pita vichochoro vya nyuma vya Tahtakale ambako wenyeji wenyewe wananunua, bei inashuka. Karafuu na iliki msinunue, hizo tunazo nyumbani, chukueni sumak, kile kiungo chekundu chenye uchachu, na ile pilipili yao ya chengachenga. Usiku huo huo pakini na mpime mabegi, maana kilo zikizidi bora ujue ukiwa hotelini kuliko kufungua nguo za watu mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege.

Siku yenyewe ya kuondoka, kama ndege ni ya usiku, acheni mabegi mapokezi mpande kivuko cha kwenda Üsküdar au Kadıköy. Ni kama dakika 20 tu, mnagonga Istanbulkart, kadi ya nauli ileile ya tramu, na mnavuka kutoka Ulaya mpaka Asia, kwa watoto hiyo ni stori kubwa ya kusimulia shuleni. Nunueni simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, wawarushie shakwe wanaofuata kivuko. Kwenye kadi msijaze hela nyingi siku hiyo.

Sasa uwanja. Istanbul ina viwili, ule mkubwa uko upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen uko Asia, soma tiketi vizuri. Foleni za barabarani jioni ni mbaya sana, mkiwa na watoto tokeni hotelini masaa matano kabla ya ndege. Asali na mafuta ya zeituni yanaingia begi kubwa, mkononi mwisho ni mililita 100. Na kama ulichukua risiti za taksi-frii, zile za kurudishiwa kodi ya manunuzi, nenda kagongewe muhuri wa forodha KABLA hujakabidhi mabegi, wanaweza kutaka kuona vitu vyenyewe na begi likishaingia ndani hakuna cha kuwaonyesha.