Kujifunza piano kwa kuwasikiliza mabingwa, kipande kimoja kwa wakati

Hapa Bukavu wanafunzi wangu wengi wanaanzia kwenye kinanda cha kanisani, na mega za kutazama video ni za kuhesabu. Kwa hiyo simwambii mtu atazame tamasha zima. Nampa kipande kimoja: Preludi ya mtunzi Chopin, Op. 28 namba 4, yenye vipimo (vyumba vya nota kati ya mistari ya wima) 25 tu. Tafuta rekodi ya wapiga piano wawili, Maurizio Pollini na Martha Argerich. Wote walishinda mashindano ya Chopin ya Warsaw, Pollini mwaka 1960, Argerich 1965. Zipakue umeme ukiwapo.

Hatua ya 1. Fungua nota, usiguse kinanda. Fuata mkono wa kulia peke yake: nota ya "si" ndefu, nota ya "do" fupi, kisha unarudi kwenye "si". Imba pamoja na rekodi.

Hatua ya 2, na hapa usiwe na haraka. Mkono wa kushoto unapiga akodi (nota kadhaa kwa pamoja) nane karibu katika kila kipimo, na mara nyingi sauti moja tu ndiyo inayoshuka, nyingine zinabaki palepale. Zungushia penseli kila nota inayobadilika. Kijana mmoja wa Kadutu alikuwa akizipiga akodi hizo kama anapigilia misumari. Nilimwekea video ya mpiga piano inayoonyesha mikono, kasi 0.5, sauti nimeizima. Alipoirudia mara ya tatu akasema: "Mwalimu, vidole vyake haviachi vibonye!" Akarudi kwenye kinanda, akaviacha vidole vyake vilale palepale, na kwa mara ya kwanza nikaisikia melodia yake.

Hatua ya 3. Jirekodi kwa simu, vipimo vinne tu. Sikiliza yako, halafu ya Pollini, halafu ya Argerich. Jiulize kama akodi zako zinaimeza melodia.

Hatua ya 4. Kwenye kipimo cha 16 Chopin ameandika stretto, yaani bana mwendo. Nani anaanza kukimbia mapema, nani anangoja? Mwige mmoja wiki nzima, kisha mwige wa pili. Wapo walimu wanaokataza kuiga; mimi naomba mwanafunzi aige kabisa, maana asipojaribu mwendo wa mwingine hataujua wake.

Hatua ya 5. Kabla ya akodi tatu za mwisho kuna kimya chenye alama ya kusubiri. Kihesabu katika kila rekodi. Halafu piga mwenyewe, ukifika hapo usishushe mikono mapajani.