Namna ya kuichimba kesi ya muuaji wa mfululizo: anza na waliopotea

Tangu miili ya wanawake ianze kutolewa kwenye jalala la Kware kule Mukuru, Nairobi, Julai 2024, kila mtu amekuwa mpelelezi, na karibu wote wanaanzia pale pale, muuaji ni nani, kalelewaje, kichwani ana nini. Inavutia, sikatai, hata mimi nilianza hivyo. Shida ni kwamba ukianzia kwa muuaji unamaliza kesi nzima unalijua jina lake tu. Ya Kware bado mbichi, mshukiwa mwenyewe alitoroka seli mwezi uliofuata, kwahiyo kwa kujifunzia chukua kesi iliyokwisha na makaratasi yake yako nje. Mimi natumia ya Robert Pickton, mfugaji wa nguruwe aliyefungwa kwa kuua wanawake waliokuwa wanapotea Vancouver, Kanada.

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika watu wa mtaa walijua nini na lini, kulia andika polisi walifanya nini na lini. Ndo kazi yenyewe hiyo, iliyobaki ni uvumilivu.

Kushoto kunajaa haraka. Downtown Eastside ni mtaa wa watu waliochoka kabisa, na wanawake waliokuwa wanapotea pale wengi walikuwa wanatumia unga na wanajiuza barabarani, na karibu thuluthi yao ni wenyeji wa asili wa Kanada, wakati wanawake wa jamii hizo ni kama asilimia 3 tu ya watu wa jimbo la British Columbia. Ndugu zao wakienda kuripoti wanaambiwa hao ni watu wa kuhamahama, watarudi. Hapa ndo utafute vitu vidogo vidogo: mtu aliyehama haachi hela yake ya msaada wa serikali ikae tu bila kuchukuliwa, na mama aliyekuwa anampigia mwanae kila birthday hawezi kunyamaza ghafla mwaka mzima. Wanawake wa mtaa walikuwa wanaandamana kila tarehe 14 Februari tangu 1992 kuwakumbuka wenzao waliouawa na waliopotea. Andika 1992 kushoto, halafu tazama kulia.

Sasa Machi 1997, tarehe ambayo usiiruke hata kama una haraka. Mwanamke mmoja alitoroka usiku shambani kwa Pickton, Port Coquitlam, nje ya jiji la Vancouver, kachomwa kisu na mkononi ana pingu. Pickton naye alikuwa na jeraha, wote wakapelekwa hospitali, na ufunguo wa zile pingu ukakutwa mfukoni mwa Pickton!! Akashtakiwa kwa kujaribu kuua. Januari 1998 waendesha mashtaka wakaisimamisha kesi kwa sababu waliona shahidi wao, mtumiaji wa madawa, hataaminika mahakamani. Nguo na buti za mpira za Pickton zilizochukuliwa usiku ule zikawekwa stoo ya polisi, zikaja kupimwa 2004, zikakutwa na DNA ya wanawake wawili waliopotea. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga daftari nikaenda kuchemsha chai.

Ukiendelea utakuta ndani ya polisi wenyewe kuna waliosema. Kim Rossmo, askari wa Vancouver aliyebobea kusoma uhalifu kwenye ramani, alionya 1998 kwamba inawezekana kuna muuaji wa mfululizo, wakubwa hawakumsikiliza. Fuata pesa pia. Ilikuwa imeshatangazwa zawadi ya dola 100,000 kwa atakayesaidia kukamata wezi wa gereji za majumbani, ndugu wakahoji kwani gari lina thamani kuliko dada yangu, ndo 1999 ikatoka zawadi kama hiyo kwa wanawake. Fuata na mipaka: wanapotelea eneo la polisi wa jiji, shamba liko eneo la RCMP, yaani polisi wa taifa wa Kanada, basi kila upande unamwachia mwenzake. Na Februari 2002 polisi walipoingia shambani kwa Pickton hati yao ilikuwa ya kutafuta silaha haramu, siyo wanawake, humo ndani wakakuta inhela ya pumu ya mmoja wa waliopotea.

Kwenye idadi kuwa makini, watu wanachanganya sana. 6 ni wanawake ambao alikutwa na hatia ya kuwaua, Desemba 2007. 20 ni mashtaka yaliyosimamishwa baadaye, maana yake familia 20 hazikupata hukumu yoyote. 33 ni wanawake ambao mabaki au DNA yao ilipatikana shambani. 49 ni alichojigamba mwenyewe kwa askari aliyewekwa seli moja naye kama mfungwa. Kila namba na maelezo yake, usiandike tu "aliua 49".

Ripoti ya Desemba 2012 ya tume ya Wally Oppal, iliyochunguza polisi walivyoishughulikia kesi hii, isome, ina mapendekezo 63, ila kabla hujaisoma uliza nani alikuwa na wakili mle ndani. Polisi mawakili wao walilipwa na serikali. Vikundi vya wanawake na vya wenyeji wa asili vilinyimwa hela ya mawakili, vingi vikajitoa, kwahiyo wale ambao kushoto kwako wamejaa ndo hao hao waliokosekana ukumbini.

Na lugha, tafadhali. Ukiandika "machangudoa kadhaa" unafanya alichofanya yule wa kaunta ya polisi aliyesema watarudi. Andika mama wa fulani, dada wa fulani.

Usifunge daftari kwenye hukumu. 2014 watoto wa marehemu walipewa dola 50,000 kila mmoja, hiyo ni bei ya mama, mimi sijui hesabu yake. Pickton alishambuliwa na mfungwa mwenzake akafa Mei 2024. Kabla ya hapo RCMP walikuwa wameomba mahakama iwaruhusu kutupa vielelezo kama 14,000 vya kesi hiyo, familia zikapinga, maana ndani yake kuna vitu vya ndugu zao. Hiyo iandike pande zote mbili.