SOMO: Kuwahamisha vifaranga wa mashine kutoka bruda (boksi la kulelea lenye taa) hadi banda jipya

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Nimehamishia vifaranga bandani, jioni hawaingii ndani, nifanyeje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nafuga kuku chotara huku Chanika, Dar. Si daktari wa mifugo na siuzi dawa.

Kifaranga aliyeanguliwa na tetea hufundishwa kulala. Jua likishuka mama anaita, wao wanafuata, basi. Wa mashine ni yatima. Tangu azaliwe anajua taa na kuta za boksi tu. Banda lako zuri la tofali, kwake ni pango lenye giza, na kuku gizani haoni vizuri. Hivyo mama ni wewe.

1. Umri. Kwa joto la Dar, wiki ya tano inatosha. Masika ikiwa imekolea, ngoja ya sita. Tazama mgongo: ukiona bado malaika badala ya manyoya, mwache.

2. Siku tano kabla ya kuhama, zima taa ya bruda usiku wazoee giza.

3. Banda: safisha, pulizia dawa, likauke kabisa, mwaga maranda mapya. Pembe zizibe kwa maboksi ziwe za mviringo, maana wakiogopa hukimbilia pembeni na kulaliana.

4. Hamisha asubuhi wapate mchana mzima wa kujua maji yako wapi. Usijaze tenga. Chakula kiwe kilekile, kubadilisha ni baadaye na kwa kuchanganya kidogokidogo. Siku hiyo usichanje.

5. WAFUNGIE NDANI SIKU SABA. Hapa ndipo nilipoungulia. Nilikuwa na vifaranga 45, wiki sita, wamenawiri. Siku ya pili tu nikawafungulia uani kwa sababu nilipenda kuwaona wakiparua mchanga. Nikaenda mjini, nikakwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto, nikafika nyumbani saa mbili usiku mvua inanyesha. Hakuna aliyeingia bandani hata mmoja. Wote walikuwa wamejibana kwenye wavu, upande wa stoo nilikowalelea. Na wavu wenyewe ulikuwa ule wa matundu makubwa. Kicheche hakuhitaji kuingia, aliwavuta shingo kutokea nje. Kumi na mmoja hawakuwa na vichwa, sita walikufa kwa kulaliwa na wenzao. Kosa halikuwa la kicheche.

Kwa hiyo siku saba ndani, chakula ndani, maji ndani. Siku tatu za kwanza ingia saa tatu usiku na tochi ya simu, waliorundikana watawanye kwa mkono. Onyo: kama banda lako ni bati juu na kuta zimezibwa pande zote, usifungie humo mtu wala kuku, saa saba mchana utawapika. Toboa kwanza, weka wavu, hewa ipite.

6. Siku ya nane fungua saa kumi jioni, si asubuhi. Hawatafika mbali. Saa kumi na moja na nusu weka chakula ndani, gonga sahani ileile kila siku. Watakaobaki nje wabebe mmoja mmoja. Ukiwafukuza kwa ufagio umewafundisha kwamba banda ni mahali pa kuogopa. Kila siku ongeza muda.

Maswali karibu.

Kijana wa Kivule: Kuku wangu wanakufa nifanyeje

Mwandishi: Wangapi? Umri? Kinyesi kikoje? Chanjo gani wamepata?

Kijana wa Kivule: Wadogo

Mwandishi: Mkuu, nikikwambia "kichwa" kwa neno moja tu utanipa dawa gani? Rudi na majibu manne.

Mzee Tenga: Mimi nafuga tangu ujana wangu, nafungulia siku hiyohiyo na wanarudi. Mnawadekeza.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Wako wana mama?

Mzee Tenga: Wana tetea wao, ndiyo.

Mwandishi: Basi mzee, anayewafundisha ni tetea. Nimeandika "wa mashine" kwenye kichwa cha somo.

Mama Wawili: Kaka, asante. Nina 24. Nimewafungia siku saba kama ulivyosema, lakini nikifungua, jioni wanakwenda kusimama mlango wa stoo ya zamani. Wanakumbuka, au ni ile taa ya baraza?

Mwandishi: Dada, swali zuri sana, na nadhani yote mawili. Kuku hurudi alikozoea kulala, na giza likianza huufuata mwanga. Ondoa boksi la zamani kabisa, zima taa ya baraza saa kumi na mbili, na weka taa ndogo ndani ya banda. Utawaona wanaingia kama wanakwenda sherehe. Wakishatulia, izime. Weka na fito za kulalia, chini kwanza, kimo cha goti.

Kijana wa Kivule: Wiki ya nne, 30, wamekufa 5, wanahara damu, maranda yamelowa

Mwandishi: Sasa tunaongea. Inafanana na koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu, hupenda unyevu. Toa maranda yote leo, weka makavu, inua chombo cha maji kisimwagike. Mwone afisa mifugo wa kata na uende na kinyesi. Dawa inayotumika sana ni amproliamu kwenye maji, kipimo fuata kibandiko.

Fundi Wavu: Kwa kicheche nunueni wavu wa kofitrei, ule wa vitundu vidogo. Chini ufukieni futi moja. Na juu msiache wazi, kunguru wa Dar mnawajua.

Mwandishi: Hilo lilipaswa kuwa kwenye somo. Asante fundi.

Binti Pugu: Chanjo ya kideri (mdondo) ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa, maji ya bomba yanafaa?

Mwandishi: Ya bomba yana klorini, na klorini huua chanjo. Tumia maji ya mvua. Ukikosa, kwenye ya bomba koroga kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, wayamalize ndani ya saa mbili.

Mzee Tenga: Hili la klorini sikulijua.

Mama Wawili: Kaka, mrejesho! Taa imefanya kazi, jana wameingia 23 wenyewe. Mmoja amelala juu ya mpapai.

Mwandishi: Mshushe usiku, mwingize. Kesho punguza manyoya marefu ya bawa moja. Moja tu, dada, ukikata yote mawili ataruka vilevile.