Manukato ya ndimu na mti: anza na mti

Anayetaka manukato ya ndimu yanayodumu mara nyingi huongeza ndimu. Haisaidii. Limonini, iliyojaa kwenye mafuta ya chungwa na balungi, ni molekuli nyepesi, hupaa upesi hata ukitia maradufu. Kinachobaki mwilini ni harufu ya mti. Kwa hiyo tunajenga mti kwanza, ndimu inakuja mwisho.

Vipimo hivi ni vya gramu 3 za mafuta ya kunukia ya mimea ndani ya gramu 17 za ethanoli ya asilimia 96. Tumia mizani inayosoma gramu 0.01, maana matone hayalingani. Spiriti ya rangi usiiguse kabisa: mara nyingi ina methanoli, na hiyo ni sumu.

Hatua ya 1: mti

Pima gramu 0.90 za mwerezi wa Virginia na 0.25 za vetiva. Huo unaoitwa mwerezi ni Juniperus virginiana, ndugu wa mtarakwa wa milima yetu, ndiyo maana unanukia penseli iliyochongwa sasa hivi. Vetiva hutolewa kwenye mizizi ya nyasi yenye jina hilohilo. Ina udongo na moshi kidogo, na ikizidi inameza vyote. Anayetamani sandali aulize kwanza imetoka wapi: msandali wa Afrika Mashariki umekatwa ovyo, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Hatua ya 2: kiungo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Bila kitu cha katikati utasikia harufu mbili zisizojuana: kwanza juisi, halafu karakana ya seremala. Tia gramu 0.45 za mafuta ya majani ya mdanzi. Yana uchungu wa ganda la danzi na ubichi wa kijiti kilichovunjwa, kwa hiyo yanaelewana na pande zote mbili. Ongeza iliki 0.10, inayoleta ubaridi na viungo kwa pamoja.

Mchaichai unashawishi kwa sababu ni rahisi kuupata na unadumu kuliko ndimu. Mimi siutii. Sitrali yake, kemikali inayonukia limau, inageuza kazi yote kuwa sabuni ya sakafu.

Hatua ya 3: machungwa na ndimu

Chungwa 0.70, balungi 0.40, ndimu 0.20. Ndimu iwe ya kukenekwa kwa mvuke. Ile iliyokamuliwa kwenye ganda ina furanokumarini: ukijipaka kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na madoa meusi, na jua la kwetu halina mzaha. Bergamoti ya Calabria, Italia, tunda la jamii ya machungwa, ina shida hiyohiyo, basi ukinunua mafuta yake chagua yaliyoondolewa bergapteni, ambayo ni furanokumarini yake. Mafuta yanayobaki yaweke kwenye chupa ndogo iliyojaa, ndani ya friji. Limonini iliyokaa na hewa huchacha na kuwasha ngozi.

Hatua ya 4: kulaza

Mimina ethanoli mbali na moto, tikisa, funga, weka gizani wiki tatu au nne. Kisha friji siku moja, na uchuje kwa karatasi ya kahawa. Maji usiongeze, yatatia ukungu.

Hatua ya 5: kunusa na kurekebisha

Jaribu tone moja ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima uone kama ngozi inalalamika. Ikitulia, pulizia kwenye karatasi na mkononi. Nusa mwanzoni, baada ya nusu saa, kisha baada ya saa nne. Mwanzo unapaswa kuwa wa ganda lililomenywa, katikati majani mabichi, mwisho mti mkavu. Hiyo nusu saa ndiyo ninayoiamini zaidi. Ukisikia pengo hapo, toleo lijalo ongeza mdanzi 0.05 na upunguze chungwa kiasi hichohicho. Moshi ukijitokeza mapema, punguza vetiva hadi 0.15 na ujazie mwerezi.