Kaunta Buku Kando ya Kompyuta: Namna ya Kupiga Hatua Katika Gemu za Mafumbo

Kabla hujapakua gemu yoyote, nunua kaunta buku na penseli, kwa kuwa hivyo ndivyo vifaa vitakavyoamua kama utazimaliza gemu za mafumbo au utaziacha njiani. Gemu za mpira na za mbio za magari hudai wepesi wa vidole. Gemu ya mafumbo haidai wepesi wowote. Hudai ukumbuke leo alama uliyoiona ukutani wiki iliyopita, na mtu anayecheza kidogo jioni baada ya kazi, kisha asirudi mpaka Jumamosi, hawezi kuitegemea kumbukumbu ya kichwani peke yake. Mimi nilianza kuandika mwezi wa Juni, wakati baridi ya Uyole inapomwingiza mtu ndani mapema, na tangu hapo sijaianza gemu hata moja bila daftari. Waliochapisha Myst, gemu ya Marekani iliyotoka mwaka 1993, walilitambua hitaji hilo, ndiyo maana ndani ya boksi lake waliweka kijitabu kitupu cha mchezaji kuandikia.

Kila mahali unapoingia ndani ya gemu pape ukurasa wake. Juu ya ukurasa chora ramani ndogo yenye milango na njia zake, bila kujali uzuri wa mchoro. Chini yake nakili kila alama, namba, rangi na umbo lililojirudia, hata kama huoni maana yake, kwa sababu mtunzi wa mafumbo mzuri haweki kitu mbele ya macho yako bila sababu. Upande wa kulia andika yaliyokushinda: mlango uliogoma, mashine isiyowaka, mtu anayetaka kitu usichokuwa nacho. Lililo muhimu kuliko yote, na ambalo wachezaji wengi hulipuuza, ni kuandika pia ulichojaribu kikashindikana. Bila orodha hiyo utarudi siku ya tatu na kujaribu ufunguo uleule katika kitasa kilekile, ukidhani unafikiri kumbe unazunguka.

Mpangilio wa gemu nao una uzito wake. Anza na Monument Valley, iliyotengenezwa London na kutoka mwaka 2014. Ina sura kumi tu, inachezwa kwenye simu, na inamzoesha mgeni kugeuza jengo zima ili njia iliyokatika ionekane imeungana. Ukitoka hapo nenda kwenye Machinarium ya mwaka 2009, kazi ya Wacheki, ambayo ninaipenda kwa sababu haina mazungumzo ya maneno: roboti na wenzake huwasiliana kwa picha zinazojitokeza kwenye mapovu juu ya vichwa vyao, hivyo kijana wa Rungwe au Mufindi ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo hasimami nyuma ya mtu yeyote. Ndani yake utajifunza jambo moja kubwa. Roboti huyo hawezi kugusa ila kilicho karibu naye, na anaweza kujirefusha au kujifupisha. Basi kila unapokwama, mrefushe, mfupishe, msogeze, kisha tazama upya ni nini sasa kinachofikika.

Baada ya hapo, na hasa kwa mwenye kompyuta ya zamani, kuna hazina isiyogharimu zaidi ya bando. ScummVM ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, inayowezesha gemu za zamani kuchezwa kwenye kompyuta za leo na hata kwenye simu za Android. Beneath a Steel Sky, gemu ya Uingereza ya mwaka 1994, iliachiwa na wenyewe itolewe bure mwaka 2003, na Flight of the Amazon Queen ya mwaka 1995 ikafuata mwaka 2004. Zote mbili zinapatikana kihalali kwenye tovuti ya ScummVM yenyewe. Hizi zina Kiingereza kingi, kwa hiyo weka kamusi karibu. Katika Beneath a Steel Sky mchezaji anaweza kufa, basi jizoeze kuhifadhi mchezo kila unapobadilisha chumba. Umeme ulipokatika jioni moja nilipoteza kazi ya jioni nzima kwa kutofanya hivyo, na betri ya kompyuta mpakato iliyotumika haiaminiki.

Sasa kuhusu kukwama, ambako ndiko hasa mchezaji hupimwa. Tulipokuwa watoto tukitegeana vitendawili, aliyeshindwa hakupewa jibu mpaka atoe mji. Alitaja Tukuyu au Njombe, mtegaji akaupokea mji huo, ndipo akafumbua. Jibu lilikuwa na bei yake, na kila aliyeketi pale aliiona bei hiyo kuwa ya haki. Nami nimejiwekea bei kama hiyo: siangalii msaada mtandaoni mpaka nimeshindwa kwa vikao vitatu vya siku tofauti, na kabla ya kikao cha tatu nasoma daftari lote tangu mwanzo. Mara nyingi jibu limo humo, katika ukurasa niliokuwa nimeusahau. Ikibidi kutoa mji, funika kioo kwa karatasi na usome mstari mmoja mmoja, ukiishia pale panapokufungua. Kisha andika kwa wino mwekundu, si jibu lenyewe, bali dalili ambayo ingekufikisha kwenye jibu hilo kama ungeiona. Kurasa zangu zenye wino mwekundu ndizo zilizonifunza zaidi.

Myst ipe nafasi yake ukiwa tayari umezoea kuandika, maana haikuelezi lengo lako. Unafika kisiwani, na kila kitu utakijua kwa kutazama na kusoma.

Return of the Obra Dinn, aliyoitunga Lucas Pope na kuitoa mwaka 2018, iache mwisho. Wewe ni mkaguzi wa bima katika meli iliyorudi bila watu mwaka 1807, na unatakiwa kueleza yaliyowapata watu 60: jina la kila mmoja na kilichompata. Gemu haithibitishi jibu mojamoja, bali inasubiri mpaka matatu yawe sahihi, jambo linalomzuia mchezaji kubahatisha. Chora jedwali la mistari 60 lenye safu za sura, jina, kazi na kifo, na tumia penseli tu, kwa sababu utafuta sana. Katika jedwali langu mistari 39 imekwisha kuthibitishwa. Iliyobaki ni 21, na Jumamosi hii nitaanza na wale ambao sura zao nazijua lakini majina bado.