Kirusi unakifuta kinarudi? Tafuta kinachokirudisha

Kama umewahi kufuta kirusi asubuhi kwenye kompyuta ya Windows na jioni ukakikuta kimekaa palepale, basi kukifuta hukukosea, ulikosea kuishia hapo. Virusi sugu mara nyingi haviji faili moja. Kuna faili linalofanya fujo yenyewe, halafu kuna kitu kingine kimejibanza pembeni, kazi yake ni kuchungulia tu kama lile faili bado lipo, likikosekana kinalirudisha. Hicho cha pili ndicho tunachokitafuta, na ndicho watu wengi hawakigusi kabisa.

Kwanza uwe na uhakika, maana kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi, inaweza ikawa diski inakufa au RAM ndogo. Mimi dalili ninazoziamini ni antivairasi kujizima na ukiiwasha inazimika tena, ukurasa wa kwanza wa brauza kubadilika na hukuugusa, na saiti za antivairasi kugoma kufunguka wakati saiti nyingine zote zinafunguka freshi. Hiyo ya mwisho ukiiona anza kazi siku hiyohiyo.

Niliwahi kukaa na kompyuta ya mdogo wangu, feni inavuma mpaka meza inatetemeka, nikifungua Task Manager (sehemu ya Windows inayoonyesha programu zinazofanya kazi) feni inatulia taratibu na CPU inasoma asilimia 3, nikiifunga haipiti dakika inavuma tena. Kumbe ilikuwa programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, imetengenezwa ijifiche kila Task Manager ikifunguliwa. Niliikamata kwa Process Explorer, ni programu ya bure ya Microsoft inayofanana na Task Manager, kirusi kile hakikujua kuikimbia. Iliingia na kraki ya gemu, yaani faili la kufungulia gemu bila kulilipia. Tutairudia, maana ilinifundisha mengi.

Sasa kazi. Kata intaneti, zima waifai au chomoa waya, kwasababu virusi vingine vinaita wenzao na vinatuma paswedi zako nje wakati wewe unahangaika. Usiingie benki wala imeili kwenye mashine hiyo mpaka umalize. Zana danlodi kwa kompyuta nyingine uweke kwenye flashi, na flashi hiyo uje uifomati baadaye. Lakini kama mafaili yako yamebadilika majina na hayafunguki na kuna ujumbe wa kudai hela, simama hapo, usifute kitu, yatunze hivohivo yalivyo na uangalie mradi wa No More Ransom uliopo tangu 2016, wana funguo za bure za aina nyingi za virusi hivyo.

Skani ya kuanza nayo ni ile inayofanyika Windows ikiwa haijawaka, kwasababu kirusi kinachoamka kabla ya antivairasi kina uwezo wa kuidanganya, ila kikikutwa kimelala hakina ujanja. Windows 10 na 11 zinayo tayari, fungua Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Itarestati yenyewe na itachukua kama dakika 15. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ufuli wa Windows wa kulinda diski) hakikisha ile rikavari kii, namba ndefu ya kuifungulia, unayo mkononi kabla hujaanza. Na kama Defender yenyewe, antivairasi inayokuja na Windows, imeshaharibiwa, tumia Microsoft Safety Scanner, danlodi mpya kwasababu ikipita siku 10 inakuwa imeekspaya. Baada ya hapo ingia Safe Mode, Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu (shikilia Shift huku unabonyeza Restart, halafu Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha namba 4) upitishe Malwarebytes na AdwCleaner, zana za kusaka virusi na programu za matangazo.

Wengi wanaishia hapa. Usiishie hapa.

Chukua Autoruns, nayo ni ya Microsoft na ni bure, iwashe kama administreta, kwenye Options weka tiki Hide Microsoft Entries ili ubaki na vitu vya nje tu. Inakuonyesha kila kinachojiwasha chenyewe kwenye kompyuta, na orodha itakutisha mwanzoni ila tulia uisome mstari kwa mstari. Tilia shaka kitu kisicho na jina la mtengenezaji, kilichokaa ndani ya mafolda ya AppData au Temp, chenye jina la herufi za ovyo au jina la kuigiza. Mfano svchost.exe ya kweli inakaa C:\Windows\System32, ukiikuta AppData hiyo ni feki, wala usibishane nayo. Usifute papohapo, toa tiki kwanza, restati, uone kama kuna kilichoharibika, ndio ufute ingizo pamoja na faili lake. Tabu ya Scheduled Tasks, yaani kazi zinazojiwasha kwa ratiba, ipe muda zaidi. Kwenye ile kompyuta ya mdogo wangu ndipo mrudishaji alipokuwa, ratiba moja yenye jina la kufanana na apdeti, inaamka kila dakika 10.

Na kulikuwa na kingine. Kirusi kile kilishaiambia Defender isiskani C:\ yote, kwahiyo nilikuwa napiga skani wiki nzima inaniambia hamna tatizo. Nenda sehemu ya Exclusions (vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague) ndani ya Windows Security uondoe chochote ambacho hukukiweka wewe, halafu skani upya. Kisha angalia faili la hosts (linaloelekeza jina la saiti liende anwani gani) kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc, na setingi za proxy (njia ya kati ambayo intaneti yako inapitia), hapo ndipo saiti za antivairasi zinapofungiwa.

Kwenye brauza toa ekstensheni usizozijua na ufute ruhusa za notifikesheni, matangazo mengi ya pembeni ya skrini yanatoka hapo tu. Ekstensheni ikirudi, zima sinki kwanza (ile inayonakili setingi za brauza kwenye vifaa vyako vyote), inawezekana inashuka kutoka kwenye akaunti yako. Na kama Chrome ya nyumbani inasema inasimamiwa na shirika fulani na wewe hujawahi kuiunganisha na shirika lolote, andika chrome://policy uone nini kimelazimishwa.

Ukishafanya yote haya mara mbili na bado kinarudi, piga Windows upya, mimi hapo sisiti. Tengeneza flashi ya kuinstoo, ya GB 8, ukiwa kwenye kompyuta safi, okoa picha na dokumenti tu, hakuna kubeba .exe hata moja, ufute patisheni zote, yaani vipande vyote vya diski. Reset ile ya kubakisha mafaili siiamini kwa kazi hii. Kama ulikuwa Windows 10 na mashine inaweza, weka 11 kabisa, sapoti ya kawaida ya 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Paswedi badilisha ukitumia kifaa kingine kilicho safi, imeili ianze, na kila akaunti bonyeza kutoka kwenye vifaa vyote, kwasababu virusi vya wizi vinabeba kuki za brauza, vifaili vinavyoikumbusha saiti kwamba ulishaingia, na mwenye kuki yako anaingia bila kuulizwa paswedi wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu. Ukiwa ndani ya imeili fungua na setingi za kufowadi (kupeleka imeili zako kwa mtu mwingine), ukikuta anwani usiyoijua ifute hapohapo.